Kabla hujapenda tandiko, muulize mgongo wa farasi

Jumamosi tumemaliza safari ya kilomita 80 mimi na farasi wangu, ile ambayo daktari wa mifugo anamkagua farasi njiani na mwishoni, na alivyompapasa mgongo mwishoni farasi hakushtuka hata kidogo. Nililia jamani. Maana miaka 2 iliyopita nilisimamishwa kwenye kilomita ya 50, daktari aliweka vidole tu pale nyuma ya mabega, farasi akabonyea mgongo kama anataka kukaa chini, na mimi njia nzima nilikuwa namwita mvivu. Hiyo bado inaniuma.

Tandiko nililokuwa natumia wakati ule nililipenda kwa macho, ngozi safi, kiti laini, na aliyeniuzia akaniapia kwamba linamkaa farasi yeyote. Hakuna tandiko la hivyo, msidanganyike! Fremu yake ilikuwa nyembamba ikawa inambana, mimi nilivyoona halikai vizuri nikaongeza blanketi la pili chini, kumbe ni kama kuvaa soksi nene kwenye kiatu kinachokubana. Nikilitoa nakuta mgongo wote umelowa jasho isipokuwa viraka viwili vikavu, nikadhani ni kawaida tu, kumbe ndipo lilipokuwa linambana. Baadae pakaota manywele meupe, yapo mpaka leo, kila nikimpiga brashi nayaona.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeota safari za kutwa nzima porini, acha kuanza na makalio yako. Simamisha farasi sehemu tambarare, weka tandiko bila blanketi, pitisha mkono chini yake toka mbele mpaka nyuma, ukikuta panapobana au katikati pana uwazi halijamgusa, hilo sio lake. Uti wa mgongo usiguswe kabisa, na ukishapanda vidole 2 au 3 bado vipite juu ya ule mwinuko wa mabega. Nyuma lisivuke ubavu wa mwisho. Halafu lipande masaa mawili kabla hujalipa, vua, soma jasho. Na akilaza masikio au akikung'ata ukifunga mkanda wa tumbo usimchape, anakuambia kitu, msikilize!

Nalotumia sasa ni kuukuu, jepesi, rangi imepauka. Alivyopungua mwili kwa mazoezi nililipima upya, na mwezi ujao nalipima tena.