Anayekwepa kukutazama machoni si lazima awe mwongo

Tuliposema katika toleo lililopita kwamba jicho linaeleza mengi juu ya mwenye nalo, barua zilimiminika kutoka Arusha na Moshi. Wengi wanataka kulisoma jicho kama barua. Tunajibu sita, na moja kati ya hizo si ya kusubiri.

Nina duka la spea za pikipiki karibu na soko la Kilombero. Kijana niliyemwajiri, kila nikimuuliza mauzo huangalia chini. Jirani ameniambia wataalamu wanasema mtu akitazama juu upande wa kulia anatunga uongo, na huyu hufanya hivyo pia. Nimwondoe? (Mfanyabiashara, Arusha)

Usimwondoe kwa sababu ya macho, ndugu yetu. Hiyo ya juu kulia imepimwa na haikusimama. Mwaka 2012 Richard Wiseman wa Uingereza na wenzake waliwarekodi watu wakisema kweli na wakisema uongo, wakahesabu macho yalielekea wapi kila mara. Hawakuona tofauti. Wakachukua kundi jingine, nusu wakawafundisha kanuni hiyo na nusu wakawaacha, kisha wakawataka wawatambue waongo. Waliofundishwa hawakuwashinda wenzao.

Hiyo ya kuangalia chini ina mizizi mirefu zaidi. Utafiti mmoja wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2006 uliwauliza watu wa nchi 75, kwa lugha 43, wanamjuaje mwongo. Jibu lililoongoza lilikuwa lako wewe: hakutazami machoni. Lakini Bella DePaulo na wenzake walikuwa wameshakusanya, mwaka 2003, tafiti zilizopima ishara 158 zinazodhaniwa kumfichua mwongo, na kutazamana machoni kulionekana hakuna uzito wowote. Mtu anayehukumu kwa kuangalia na kusikiliza tu hupatia kwa wastani mara 54 kati ya 100. Ukirusha shilingi hewani utapatia mara 50.

Sababu haiko mbali. Mwongo naye anaijua imani hiyo, kwa hiyo hukukazia macho makusudi. Mkweli anayehojiwa na bosi ana hofu ya kibarua chake, na macho yanashuka yenyewe. Halafu kuna malezi. Mtoto wa Kimaasai huinamisha kichwa mbele ya mkubwa ili aguswe utosini, na katika nyumba nyingi za huku kwetu mtoto anayemtumbulia baba macho wakati anakaripiwa huambiwa ana macho makavu. Kijana aliyekua hivyo anakuheshimu kwa macho yale yale unayoyashuku.

Kinachosaidia ni maswali asiyoyatarajia. Aldert Vrij wa Chuo Kikuu cha Portsmouth ameonyesha kwamba mwongo hujiandaa kwa maswali ya kawaida, ila hawezi kujiandaa kwa yote. Kwa hiyo usiulize "umeuza ngapi?" Muulize: aliyenunua cheni jana mchana alikuja na pikipiki gani? Alilipa kwa simu au taslimu? Chenji uliitoa wapi? Kisha mwambie akusimulie siku nzima kwa kurudi nyuma, tangu alipofunga duka hadi alipolifungua, kwa sababu kisa cha kutunga ni kigumu kukirudisha kinyumenyume. Angalizo: mkweli naye husahau saa na bei, na mara nyingi hujisahihisha katikati ya maelezo. Kujisahihisha si dalili ya uongo. Ndiyo maana maswali peke yake hayatoshi. Hesabu cheni ulizoanza nazo Jumatatu, toa zilizobaki Jumamosi, linganisha na daftari na ujumbe wa malipo kwenye simu. Fanya hivyo wiki nne kabla ya kumtuhumu mtoto wa watu.

Nafundisha darasa la pili, Moshi. Nikiuliza hesabu, baadhi ya watoto hutazama dari. Nikiwaambia "nitazame mimi!" wanakwama kabisa. Ni utovu wa nidhamu? (Mwalimu)

Waache watazame dari, Mwalimu. Uso wa mtu ni kazi nzito kwa ubongo: kuna macho, mdomo, sauti na hasira inayoweza kuja, na vyote vinataka kusomwa kwa pamoja. Mtoto anayetafuta 17 kutoa 9 anahitaji nafasi hiyo, kwa hiyo anaufunga mlango kwa kutazama pembeni. Arthur Glenberg wa Marekani aliliona hilo kwa watu wazima mwaka 1998. Gwyneth Doherty-Sneddon na Fiona Phelps, waliofanya kazi Uingereza, wakalifuatilia kwa watoto: swali likizidi ugumu, macho yanazidi kukimbia. Watoto wa miaka 8 hufanya hivyo karibu kama wakubwa, wa miaka 5 bado. Na walipowafundisha hao wa miaka 5 kutazama pembeni wakati wa kufikiri, majibu yao yakawa bora. Kwa maneno mengine, agizo lako la "nitazame" linamnyang'anya mtoto chombo chake cha kazi.

Jaribu hivi. Uliza swali mara moja, kwa ufupi, kisha nyamaza. Mtafiti Mary Budd Rowe aligundua kwamba walimu wengi husubiri sekunde 1 tu kabla ya kurudia swali au kumrukia mtoto mwingine. Waliposubiri sekunde 3, majibu yakarefuka na wale wa "sijui" wakapungua. Sekunde 3 ni ndefu ukiwa umesimama mbele ya darasa, kwa hiyo hesabu moyoni: mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu. Wakati huo wewe mwenyewe angalia daftari lako, usimtumbulie macho. Akikutazama tena, mara nyingi jibu analo.

Yapo macho ya kutilia shaka, lakini si hayo. Anayefikiri huondoa macho baada ya swali na kuyarudisha na jibu. Ambaye hakuwapo darasani kwa mawazo alikuwa ameshaangalia dirishani kabla hujauliza. Na anayekunja macho au kuinamisha kichwa upande mmoja akisoma ubaoni, mhamishie dawati la mbele leo na uwaambie wazazi wampeleke akapimwe macho.

Nasikia mtu akikupenda mboni zake hupanuka. Nitahakikishaje kwa mchumba wangu? (Msomaji wa Njiro)

Lina chembe ya ukweli, dada, ila halitakusaidia. Mwaka 1960, huko Chicago, Eckhard Hess na James Polt walitangaza kwamba mboni (hapa tunasema lile tundu jeusi la katikati) hupanuka mtu anapotazama picha inayomvutia. Miaka 4 baadaye walewale wakaonyesha kwamba hupanuka pia mtu akifanya hesabu za kuzidisha kichwani. Mwaka 1966 Daniel Kahneman na Jackson Beatty wakawapa watu tarakimu za kukariri: kila tarakimu ilipoongezwa mboni ilifunguka kidogo zaidi, na zilipotajwa moja moja ikarudi kusinyaa. Hofu huipanua, maumivu huipanua, hasira pia. Mboni inasema kuna kitu kinaendelea ndani, haisemi ni kitu gani.

Tena mtawala wake mkuu ni mwanga. Juani mboni inaweza kuwa na upana wa milimita 2, gizani ikafika 8. Mabadiliko yanayoletwa na fikra kwa kawaida ni nusu milimita au pungufu. Wingu likipita juu ya Meru linaibadilisha mboni kuliko mapenzi yote ya Njiro.

Ukitaka kuiona kazi hiyo kwa macho yako, mkalishe mtu karibu na dirisha lenye kivuli, mwanga umpige kutoka pembeni. Achague alama moja kwenye ukuta wa mbali asiiachie, kwa sababu kutazama kitu cha karibu kunasinyaza mboni. Weka simu kando kidogo, kama nusu mita kutoka usoni, urekodi kwa kamera ya nyuma. Ya mbele itamwelekezea mwanga wa kioo cha simu. Subiri dakika 1 macho yazoee. Rekodi sekunde 20 za ukimya, kisha mwambie "17 mara 14" na uendelee kurekodi hadi ajibu. Kinachoharibu jaribio ni kufumba macho, kukugeukia wewe, au mwanga kubadilika. Na macho ya kahawia iliyokolea, ambayo ndiyo tuliyonayo wengi wetu, huenda yasionyeshe chochote, kwa sababu mboni na duara linaloizunguka hazitofautiani. Maabara hutumia kamera za miale ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, kwa sababu hiyo.

Kuhusu mchumba, kumbuka kwamba katika mgahawa wenye taa hafifu mboni zake zitakuwa pana hata akisoma bei za vyakula.

Nikikaa mbele kanisani nahisi kisogoni kuna mtu ananitazama. Nikigeuka, kweli namkuta. Ni kipawa? (Moshi)

Hapana. Edward Titchener wa Chuo Kikuu cha Cornell alilipima jambo hili na kuchapisha majibu mwaka 1898: watu hawakuweza kuhisi kutazamwa kutoka nyuma. Aliona pia chanzo cha imani yenyewe. Unapogeuka, mwendo wako ndio unaoyavuta macho ya walio nyuma, nawe unakuta macho yamefika na kudhani yalikuwapo tangu awali. Siku ulizogeuka ukakuta hakuna anayekutazama umeshazisahau.

Dereva wa gari aliingia barabarani pale Mianzini akanigonga na bodaboda yangu. Anaapa alitazama pande zote. Si mwongo huyo? (Arusha)

Pole sana. Inawezekana kabisa alitazama na asikuone. Eneo ambalo jicho linaona kwa ukali kamili ni dogo: nyoosha mkono, tazama ukucha wa dole gumba, ni kama hapo tu. Kwingine kote jicho huruka kutoka doa hadi doa, mara 3 hivi kwa sekunde, na wakati wa kuruka ubongo hauoni vizuri. Pikipiki nyembamba inaweza kumezwa kati ya doa na doa, au nyuma ya nguzo ya kioo cha mbele.

Lakini hata jicho likitua penyewe, haitoshi. Mwaka 2013 Trafton Drew na wenzake huko Marekani waliwapa mabingwa 24 wa kusoma picha za hospitali kazi ya kutafuta vivimbe vya mapafu, na katika picha za mwisho wakapachika sokwe mkubwa mara 48 ya kivimbe cha kawaida. Ishirini kati yao hawakumwona. Kamera ya kufuatilia macho ilionyesha kwamba 12 kati ya hao 20 macho yao yalitua juu ya sokwe mwenyewe. Walikuwa wanatafuta vivimbe, na sokwe si kivimbe. Dereva anayetafuta lori huenda asione pikipiki.

Kwa dereva: kulia, kushoto, kulia tena, ukisimamisha kichwa kila upande badala ya kukifagiza, na uusogeze mwili mbele kidogo ili uone nyuma ya nguzo. Kwa mwendesha bodaboda: washa taa hata mchana, vaa kizibao kinachong'aa, na usiyaamini macho ya dereva hata mkikutana uso kwa uso. Tazama tairi lake la mbele. Likianza kubiringika, shika breki.

Nikimpiga picha mwanangu wa miaka 2 kwa flashi, jicho moja linatoka jekundu na jingine jeupe kama la paka. Mchana silioni tatizo. Bibi yake anashauri maziwa ya mama. (Mama, Himo)

Mama, barua yako ndiyo tuliyoisoma kwanza. Usitie maziwa, dawa ya majani wala tone lolote. Mpeleke wiki hii hospitali yenye daktari wa macho. Huko kwenu KCMC Moshi ina idara kubwa ya macho.

Flashi inapoingia kwenye mboni, mwanga hugonga ukuta wa nyuma wa jicho na kurudi ukiwa mwekundu au wa rangi ya chungwa. Kwa watoto wetu rangi hiyo huweza kufifia, lakini inapaswa kulingana macho yote mawili. Weupe huweza kumaanisha kuna kitu kimesimama njiani. Huenda ni mtoto wa jicho, ambaye kwa umri huo naye hasubiri, kwa sababu ubongo usiopokea picha haujifunzi kuona. Huenda ni saratani ya retina (ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), ambayo huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5 na huweza kupita kwenye mshipa wa fahamu wa jicho hadi kwenye ubongo. Ikiwahiwa inatibika, na wakati mwingine hata jicho linaokolewa.

Wakati mwingine weupe hutokea kwa sababu tu mtoto alitazama pembeni, flashi ikaangukia mahali mshipa unapoingilia nyuma ya jicho. Ukitaka, mpige picha nyingine: chumba chenye giza kiasi, mita 1 au 2, macho kwenye kamera, na ile sehemu ya simu inayofuta wekundu wa macho iwe imezimwa. Lakini hata zikitoka safi, nenda.

Picha za zamani usizifute. Mwonyeshe daktari ya kwanza yenye weupe, ajue ulianza lini. Mwambie pia kama jicho hilo lina kengeza, limevimba au linauma. Ndugu zake mtoto nao wakaguliwe, maana saratani hiyo wakati mwingine hutembea katika ukoo.