Maswali ya wasomaji: Bagamoyo, ulizeni maji kwanza

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu hapa Kibaigwa. Likizo ya Juni tunataka kwenda Bagamoyo, mimi, mume wangu, watoto wawili na mama mkwe. Hakuna kati yetu aliyewahi kuiona bahari. Wenzangu shuleni wanasema tulale Dar, twende Bagamoyo asubuhi na kugeuza jioni, inatosha. Mama mkwe ni Mgogo wa Kongwa, samaki anayemfahamu ni perege wa Mtera, na anaogopa miiba. Tupite wapi, tule nini?*
*Mwalimu, Kibaigwa*

Marahaba, Mwalimu. Mama mkwe mpe salamu zangu, mwambie Shangazi aliyezaliwa Dunda na kuolewa Dodoma anamkaribisha kwao kwa moyo wote.

Hilo la kwenda na kugeuza siku hiyo hiyo likatae kabisa. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na pwani ya Bagamoyo haina kina, kwa hiyo maji yakipwa hukimbia mbali sana. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri. Sasa fikirieni mgeni aliyetoka Dar alfajiri. Anafika saa nne, anakuta tope na mashua zimelala ubavu, anapiga picha mbili, anakula chipsi, anaondoka saa tisa. Bahari anaiacha ikiwa inakaribia kujaa. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi, wala hayaendi mbali yakipwa. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika kama 50. Laleni usiku mbili. Mkifika tu, muulizeni mvuvi yeyote, "Maji yanajaa saa ngapi kesho?" Atawajibu bila kufikiri, na hapo ndipo mpange lini mnaoga, lini mnatembea mjini.

Kuhusu njia, ninyi hamna haja ya kuingia Dar. Pandeni basi la kushuka Morogoro hadi Chalinze, hapo mchukue gari la kuelekea Segera na kushuka Msata. Msata hadi Bagamoyo ni lami, kilomita 64. Wasomaji wa Dodoma mjini wana treni ya umeme inayoanzia Mkonze tangu mwaka 2024. Kwao hiyo ni raha zaidi, ila wakifika Dar watafute magari ya Bagamoyo kituo cha Makumbusho.

Haya, chakula, ambacho ndicho kilichonifanya niichague barua yako kati ya nyingi.

Asubuhi mapema nendeni forodhani, pale vyombo vinapotia nanga. Msingoje chai ya nyumba ya wageni. Njiani mtapata vitumbua na chapati. Wavuvi waliokesha hushusha samaki, dalali anapaza sauti, na samaki wanauzwa kwa mafungu mchangani. Simameni kando kwanza muone bei zinavyopanda na kushuka kabla hamjafungua mkoba. Samaki mpya jicho lake limejaa na kung'aa, matamvua mekundu, na ukimbonyeza nyama inarudi. Mkishanunua, wapo vijana wa kupaa samaki, wanatoa magamba na matumbo kwa ujira mdogo, na karibu yao kina mama wenye makarai ya mafuta yanayochemka. Patana naye kabla samaki hajaingia karaini. Kula palepale, kwa mikono, na ndimu, pilipili na muhogo wa kukaanga. Hakuna hoteli yenye kitambaa cha meza itakayowapa samaki mpya kuliko huyo.

Kwa mama mkwe, aanze na nguru. Nyama yake ni nene, mifupa mikubwa, mchache wa vimiiba, na akipikwa mchuzi wa nazi hana shida na ugali, maana najua ugali hatauacha. Kolekole na jodari pia ni wema kwa mtu anayeogopa. Changu ni mtamu, tena sana, lakini ana miiba; mwacheni kwa ajili yako na mume wako. Watoto wapeni kamba wa kukaanga na ngisi, hawana mwiba hata mmoja. Pweza wa nazi agizeni mchana ili mle usiku, kwa kuwa pweza anayepikwa haraka huwa mgumu, na mpishi anayemheshimu hawezi kukuletea baada ya robo saa. Ukiletewa haraka hivyo, amepikwa jana.

Juni ni kusi, msimu wa upepo wa kusini. Mvua za masika zimekwisha, hewa ni ya baridi kidogo kwa kipimo cha pwani, na upepo upo. Siku ukivuma sana vyombo vidogo havitoki na samaki hupanda bei. Dagaa nao huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wake hupumzika, kwani taa haivuti kitu kwenye mbalamwezi. Kama mnawapenda dagaa wabichi wa kukaanga, angalieni kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi.

Na jambo moja la adabu, Mwalimu. Bagamoyo ni mji wa Waislamu wa zamani. Nguo ya kuogea iishie ufukweni, mkiingia mitaani jifungeni kanga. Mvuvi usimpige picha bila kumwomba. Jioni ikishaingia msitembee ufukweni peke yenu, pandeni bajaji.

*Shangazi, mimi ni kijana wa Mpwapwa. Nitakuwa Bagamoyo siku moja kikazi. Magofu nimeyaona kwenye picha na sikuvutiwa. Kuna nini pale kinachonihusu mimi?*
*Kijana wa Mpwapwa*

Kinachokuhusu ni kikubwa, mwanangu. Mji wako na Bagamoyo ni ncha za kipande kimoja cha njia. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilitoka bara, kutoka Ujiji na Tabora, ikapita Kilimatinde na Ugogo, ikapumzika Mpwapwa penye maji, kisha ikashuka hadi Bagamoyo. Ugogo ndipo misafara ilipolipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi ili ipate maji na chakula. Stanley alipoanza safari yake Bagamoyo mwaka 1871 alipita kwenu Mpwapwa na kulipa Ugogo kama wengine. Tangu 2006 njia hiyo iko kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na Mpwapwa imetajwa humo.

Kwa siku yako moja, nenda kwanza Caravanserai, ua ambamo wapagazi walifikia. Simama katikati ya ua uwaze mtu aliyebeba pembe begani kutoka Tabora, akavuka mbuga zenu za Ugogo kwa miguu, akatua mzigo hapo. Kisha nenda misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa na mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Makumbusho yake ni mazuri, chukua muda. Mwaka 1874 mwili wa Livingstone ulifikishwa hapo, umebebwa na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kutoka ilipo Zambia ya leo. Watu humtaja Livingstone. Mimi naomba ukifika pale uwataje waliombeba.

Ukibaki na saa mbili, Kaole iko kama kilomita 5 kusini. Kuna msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo za mawe ya matumbawe. Chukua mwongozaji mwenye kitambulisho, la sivyo utaona mawe tu na kurudi na maoni yale yale uliyonayo sasa. Chakula cha mchana usikose wali wa nazi.

*Shangazi, naweza kubeba samaki wabichi hadi Dodoma?*
*Mama wa Area C*

Kwa gari lako mwenyewe, ndiyo: deli, barafu nyingi, samaki wametolewa matumbo na matamvua, na usifungue njiani. Kwa basi au treni sikushauri, utawaudhi wenzako. Beba ng'onda, yaani samaki wa kupasuliwa na kukaushwa kwa chumvi, au dagaa wakavu, waliofungwa kwenye karatasi kisha mfuko. Ng'onda uwaloweke kabla ya kupika, chumvi ipungue, kisha wachemshe na nyanya, kitunguu na tui. Mlenda ukiwa pembeni, watu wa nyumbani kwako watauliza lini unarudi pwani.