Ticha wa Ujerumani? Ngojeni niwaambie

Wanangu wa SAUT, chuo chetu pale Mwanza, salaam. Maswali yenu nimeyaona yote, la mshahara, la "tuchoree na sisi mchongo", la kwamba nimeshakuwa mzungu ndo maana sipokei simu, na juzi mmoja wenu kaandika "ticha wa Ujerumani anakula euro peke yake" mkacheka wote. Sawa. Leo Jumapili na huku Jumapili hata supamaketi zinafungwa, sina pa kwenda, acha niwajibu kwa urefu.

Kwanza mimi huku sio ticha. Nipo Würzburg, mji ambao ni pacha na Mwanza yetu tangu 1966, najitolea shule ya msingi na hapo shuleni mimi ni msaidizi basi, digrii ya ualimu ipo kwenye bahasha kabatini. Ili usimame mbele ya darasa la shule ya serikali huku unatakiwa uwe umesoma chuo chao, ufanye mitihani miwili ya serikali na katikati hapo ukae kwenye mafunzo ya kazi miaka miwili, sio TP zetu zile, mafunzo ya kufundisha ya wiki chache, za kukimbizana na mkaguzi. Mimi asubuhi nakaa pembeni na watoto ambao Kijerumani bado, wengi wametoka Ukraine na Syria, tunasoma herufi kwa picha, saa saba masomo yakiisha nawapeleka kula, halafu nasimamia homuweki mpaka jioni. Humo katikati nafunga kamba za viatu, nafuta makamasi, natafuta glavu ya mtu iliyopotea. Na baridi ikianza ndo kazi yenyewe, maana huku mvua haimzuii mtoto kutoka nje, anavalishwa tu, kwahiyo unawavalisha madogo wote masuruali ya mvua na mabuti na makofia wacheze dakika kumi na tano, wakirudi unawavua vyote, vinadondosha tope, unapiga deki.

Kinachoniuma ni hiki na sikifichi. Mnawakumbuka wale vijana wa Kijerumani wanaokuja Mwanza kujitolea? Miaka kumi na nane, kumi na tisa, wametoka kumaliza sekondari juzi tu, hawajawahi kufundisha hata mdogo wao, na sisi tunawapa chaki na darasa zima, "karibu mwalimu". Basi mpango niliokuja nao mimi, weltwärts, ule wa serikali ya Ujerumani wa vijana kujitolea, ni huo huo. Ulianza 2008 kwa kuwaleta wao kwetu, sisi wa kwenda kwao tukaja kufunguliwa mlango 2013. Yeye na sekondari yake kwetu ni mwalimu, mimi na digrii na ile miaka ya kufundisha bure nikisubiri ajira, huku darasa peke yangu siachiwi. Na sisemi wamekosea jamani, wanalinda watoto wao, ningekuwa mzazi hapa ningetaka hivyo hivyo. Sisi ndo tunagawa madarasa yetu kwa yeyote aliyeshuka na begi mgongoni.

Haya, hela. Mshahara hakuna. Ni posho, mimi napata euro mia tatu na ushee kwa mwezi, chumba na bima wanalipa wao. Najua hapo mmeshazidisha mmeona milioni, hata mimi nilizidisha nikiwa bado huko Mwanza, Nyegezi. Sasa kebabu moja ya mtaani ni kama euro 7, piga hesabu, hiyo ni elfu ishirini imeliwa umesimama. Nikituma nyumbani euro 50 mama anapokea kama laki na arobaini na kitu na anashukuru mpaka naona aibu, ila mimi huku mwisho wa mwezi ni tambi na chumvi. Kibarua cha pembeni nacho sio cha kujiamulia, viza ni ya kujitolea, mpaka uombe ruhusa. Kwahiyo ndugu yangu unayenipigia unataka mtaji wa bodaboda, mimi nipo kwenye posho kama wewe unavyojitolea hapo Buhongwa, tofauti yetu mimi nina hita. Siku moja nipo supamaketi kwenye mafriza nakuta minofu imeandikwa Viktoriabarsch, kumbe ni sangara! Nilisimama pale na pakiti mkononi, kwa bei ile soko la samaki la Mwaloni Kirumba kwetu ningetoka na samaki wa kulisha nyumba nzima na majirani. Nikairudisha.

Nidhamu mliuliza. Fimbo hakuna, jimbo hili la Bavaria ndo walikuwa wa mwisho Ujerumani Magharibi kuikataza shuleni, 1983, na tangu 2000 hata mzazi nyumbani kwake haruhusiwi. Dogo anakuangalia usoni anakwambia sitaki. Mwalimu mwenyeji anachuchumaa, anaongea naye taratibu, dakika tano, dakika kumi, mwanzoni nilikuwa naona ni kupoteza muda ila nakiri dogo mwisho anakaa chini anaandika. Lakini darasa lina watoto ishirini na kitu na watu wazima wawili. Muwekeni mwalimu huyo kwenye darasa la watoto mia na ishirini tuone atachuchumaa mara ngapi.

Ila ukatili wao upo, hauna fimbo tu. Mtoto wa darasa la nne, miaka kumi, mwezi wa tano anapewa cheti chenye wastani wa masomo matatu, Kijerumani, hesabu na lile la mazingira na jamii. Huku 1 ndo alama ya juu, 6 ndo umeanguka. Ukiwa na 2.33 au bora zaidi unaenda Gymnasium ambako ndo njia iliyonyooka ya chuo kikuu, mpaka 2.66 Realschule, sekondari ya kati, waliobaki Mittelschule, sekondari ya ngazi ya chini. Wanasema unaweza kuhama baadaye na kweli wapo wanaohama, lakini njooni muone nyuso za hao watoto na za wazazi wao miezi ile. Nina dogo mmoja wa Syria hesabu anazimaliza kabla sijamaliza kusoma swali, Kijerumani ndo kinamvuta chini. Sisi mtihani wa darasa la saba ulitutoa machozi ndio, ila angalau tulikuwa tumeshaota ndevu mbili tatu.

Picha na watoto wa kizungu msiulizie tena, hazitakuja. Mzazi asiposaini humpigi mtoto wake picha, na akisaini sio ya kwenda kwenye stetasi yako. Nikikumbuka wale wageni walivyokuwa wanajipiga selfi na watoto wetu... haya tuache.

Ubaguzi upo, stesheni polisi wanapitwa na watu wote halafu pasi wanaomba kwangu. Watoto hawana neno, wanashika nywele, wanauliza kama nimeishi na simba. Niliwaonyesha picha ya jiwe la Bismarck lililopo ziwani kwetu Mwanza, lenye jina la chansela wao wa zamani, aliyeshangaa ni mwalimu wao. Giza ndo sikulitegemea, Desemba saa kumi na nusu jua limeshazama, unatoka kazini usiku na hujafanya chochote.

Wanaotaka kuja kweli: ombeni wenyewe kupitia mashirika ya hapo nyumbani yenye ubia na ya huku, wao ndo wanachagua watu. Nauli, viza na bima mpango unalipa, kwahiyo anayetaka milioni mbili akuunganishe ni tapeli, kimbia. Ni mpango wa vijana, ukishagonga thelathini usijisumbue. Na Kijerumani anza sasa hivi, usisubiri kufika.

Atakayepita mwaka huu aniletee dagaa, waliokaushwa vizuri. Nyama na maziwa forodhani wanachukua lakini samaki wanaruhusu mpaka kilo 20, mimi kilo mbili zinanitosha.