Barua ya Suluhu Isichanganywe na Barua ya Madai

Ninyi mnaoanza kazi ya ukadiriaji majenzi, yaani kupima na kukadiria gharama za ujenzi, hapa Tanga mtakutana mapema na maneno "bila kuathiri haki" (kwa Kiingereza "without prejudice") juu ya barua, yaani kwamba pendekezo la suluhu lililomo lisitumike dhidi ya aliyeliandika, na wengi mtadhani kwamba maneno hayo yanaifungia barua yoyote isisomwe mbele ya hakimu. Sivyo. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inakinga, katika mashauri ya madai, ukiri uliotolewa kwa sharti la wazi kwamba usitumike kuwa ushahidi, au katika mazingira yanayoonyesha kwamba pande zote zilikubaliana hivyo. Barua ya kawaida ya kudai malipo haipati kinga kwa kuandikwa maneno hayo tu.

Mimi nilijifunza hilo kwenye ujenzi wa ghala karibu na bandari. Mwajiri, yaani mwenye mradi, alikuwa amekata malipo yetu ya sakafu ya zege, nami, kwa kutaka kazi iendelee, nikaandika katika aya ya nne ya barua ileile ya madai kwamba tungekubali kuacha theluthi ya kiasi hicho. Shauri lilipofika kwa mwamuzi, tuliihitaji barua hiyo kuthibitisha kwamba tulidai ndani ya muda, kwa hiyo hatukuweza kuizuia. Wakili wa upande wa pili akaisoma aya ya nne kwa sauti, kisha akaniuliza kama tuliacha theluthi kwa sababu tulijua zege halikufikia kiwango. Swali lile bado linaniuma.

Tangu hapo naandika barua mbili: moja ya madai, nyingine ya suluhu. Pendekezo la suluhu haliingii kamwe katika muhtasari wa kikao cha ujenzi wala katika kundi la WhatsApp la mradi.

Kinga hiyo, ikipatikana, ina nguvu. Katika shauri la Rush & Tompkins lililoamuliwa Uingereza mwaka 1988, mkandarasi mdogo alitaka kuona barua za mazungumzo ambayo mkandarasi mkuu alikuwa ameyamaliza na mwajiri, akakataliwa. Lakini makubaliano yakishafikiwa, barua hizo zinaweza kutolewa ili kuonyesha kwamba yalifikiwa, na jambo lenye ushahidi wake nje ya mazungumzo halifichiki kwa kuletwa mezani: matokeo ya maabara ya zege lililopimwa nguvu siku 28 baada ya kumwagwa yatabaki yanavyosomeka, hata mkiyajadili faraghani mchana kutwa.