Ruhusa kwanza, programu baadaye

Wadogo zangu wa hapa Mbeya wakisikia nafanya utafiti wa usalama wa mitandao, swali ni lile lile: nianze na programu gani? Hakuna anayeuliza kuhusu ruhusa. Hata mimi sikuuliza, ikanitokea puani.

Nilikuwa fundi simu Mwanjelwa. Siku hiyo nimelipia ada ya mdogo wangu, nikafungua risiti mtandaoni. Mwishoni mwa linki palikuwa na namba. Nikaongeza moja tu. Ikafunguka risiti ya mtoto mwingine: jina, darasa, simu ya mzazi. Sikuvunja nywila yoyote. Seva ilijua nimeingia, ila haikuhakiki kama risiti ile ni yangu. Kosa hili limejaa kila mahali. Kwenye orodha ya 2021 ya OWASP, shirika linalotaja udhaifu hatari zaidi wa programu za wavuti, aina hii ya udhaifu ndiyo iliyoshika namba moja.

Ningeishia hapo! Nilifungua zingine kama thelathini, nikapiga picha skrini, nikatupia kwenye grupu la WhatsApp nionekane mtaalamu. Siku ya pili mwanasheria wa wenye mfumo akapiga simu. Kumbe chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuingia kwenye mfumo wa watu bila idhini ni jinai. Mjomba alinivalisha koti lake, tukaenda kuomba radhi. Nilitetemeka, na si kwa baridi ya Julai.

Siku hizi nafanya hivi: nafungua akaunti mbili, zote zangu, naangalia kama moja inaweza kuona ya mwenzake. Tena kwenye mifumo iliyokaribisha watu yenyewe, kama ile iliyoko HackerOne au Bugcrowd, majukwaa ambako kampuni hualika watu kutafuta udhaifu, mara nyingi kwa malipo, na nasoma kwanza wameruhusu kipi kiguswe. Ukikutana na tundu la usalama kwenye mfumo wa hapa nchini bila kulitafuta, usichokoe zaidi. Waandikie wenye mfumo, wakinyamaza, TZ-CERT wapo, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa mitandao.

Halafu jifunzeni kuandika. Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa picha moja na maneno "mna tundu kubwa". Ikafungwa siku hiyo hiyo. Sasa naandika hatua kwa hatua, mpaka mtu asiyenijua aweze kurudia nilichofanya.

Kuhusu pesa, kibanda sijakifunga. Mwezi uliopita nilikesha siku nne juu ya udhaifu mmoja, bando mbili zikaisha, jibu likarudi: kuna mwenzako amewahi kuuripoti kabla yako. Nikafunika laptopu, nikaendelea na kioo cha simu ya mama muuza viazi, aliyekuwa ameniachia tangu Jumanne.