Mtoto hajui kubwa na ndogo? Mpe sufuria, achana na fotokopi

Juzi kuna mama kanitumia meseji inboksi, mtoto wake ana miaka minne, kampeleka intavyuu ya chekechea wakamrudisha eti hajui kutofautisha kubwa na ndogo. Nimeisoma nikacheka kwa uchungu maana wa kwangu alifanyiwa hivyohivyo na mpaka leo nikipita getini pale roho inaniuma, shule siitaji jina.

Ilikuwa hivi. Mwalimu kamuwekea karatasi, tembo huku panya huku, wamechorwa saizi moja, yaani karatasi nzima wamegawana nusu kwa nusu, afu anamuuliza yupi mkubwa. Mwanangu kaangalia, kaweka kidole huku, kaweka kidole kule, kasema "wako sawa". Na kwenye ile karatasi kweli walikuwa sawa! Tembo mwenyewe hajawahi kumuona, panya anamjua vizuri sana, kwetu Mbagala wapo wa kutosha. Kalambwa kosa la wino mwekundu. Sasa hivi yuko la pili, hesabu ndo somo lake, wiki iliyopita kaleta tena tisini na kitu kwahiyo leo nina kiburi cha kuwaandikia, mtanisamehe.

Ninachowaambia kila siku ni kwamba kitu kikiwa peke yake hakina ukubwa. Kijiko cha chai mbele ya mwiko ni kidogo, mbele ya njiti ya kiberiti ni kikubwa, sasa wewe leo unamwambia mtoto hiki kidogo, kesho kilekile unamwambia kikubwa, kwanini asichanganyikiwe? Mpe vitu viwili, avishike kwa mikono yake, na kwenye kuongea usiache neno kuliko. Hiki kikubwa kuliko hiki. Basi.

Kwangu mimi kilichofanya kazi ni seti ya sufuria, zile zinazokaa moja ndani ya nyingine. Nilimmwagia zote chini nikaendelea kuchambua mchele. Akachukua ile ya ugali anailazimisha iingie kwenye ya chai, anasukuma, haiingii, anaipiga kofi, anaisukuma tena. Mwisho kaigeuza juu chini ikaifunika ile ndogo ikapotea kabisa, akashtuka akanitazama, kainua, ipo! Kafunika tena. Asubuhi nzima mchezo ukawa huo, na kelele zake nazo zilikuwa za harusi, majirani walikoma. Hakuna karatasi inayofundisha hivyo, sufuria yenyewe ndo inamkatalia. Akishazizoea mbili ongeza ya tatu, hapo ndo kazi ilipo, kwasababu ile ya kati ni kubwa huku na ni ndogo huku kwa wakati mmoja, hapo usimharakishe.

Urefu nao una mtego wake. Chukua njiti mbili za fagio la chelewa zinazolingana, ziweke pamoja, atasema sawa. Isogeze moja mbele kidogo tu, utasikia "hii ndefu!" Anaangalia ncha, huku zilikoanzia haangalii kabisa. Mfundishe kuzisimamisha zote sakafuni au azigusishe ukutani ndo apime. Na ndala za nyumbani mpange hivyohivyo, visigino vyote ukutani, ya baba, ya mama, ya kwake.

Maji ndo usigombane naye. Mimina maji ya kikombe kipana kwenye glasi nyembamba ndefu, mbele ya macho yake, atakwambia yameongezeka na hutamtoa hapo. Hana tatizo lolote, Jean Piaget, yule mtaalamu wa Uswisi, alilionyesha hili karne iliyopita, watoto wengi mpaka wafike kama miaka saba hivi ndo wanaelewa kwamba maji ni yaleyale. Mi nyumbani naitumia kwenye uji, anayelia kapunjwa namhamishia wake kwenye glasi ndefu, kilio kinakata palepale.

Wazazi tubadilike jamani. Tunanunua vitabu vya kupaka rangi na mabando ya katuni, afu sokoni mtoto tunamuacha nyumbani, wakati pale kuna fungu kubwa na fungu dogo, kuna sado, kuna debe, kuna muuza dagaa anachambua wakubwa huku wadogo huku. Muulize fungu lipi kubwa kabla hujalipa. Na kina baba na nyie, mkiwa mnapima mbao au bomba mwiteni mtoto ashike upande wa pili wa futi, msimfukuze eti anasumbua. Elimu ya mtoto siyo ada peke yake, mtu unalipa mamilioni na hujawahi kumuuliza mwanao kitu chochote zaidi ya "umekula?"

Dada yangu uliyeniandikia, huyo wako hana shida, mchezeshe tu. Intavyuu nyingine ukienda weka kwenye pochi kisoda na mfuniko wa ndoo, wakitoa ile fotokopi ya tembo waombe kistaarabu wamuulize kwa hivyo vya kushika. Wakikataa mshike mkono muondoke, chekechea zipo nyingi, mi wangu nilimpeleka ya mtaani ada nusu ya ile, mwalimu anawamwagia visoda na vifuniko mkekani wanapanga wenyewe.