Kwa nini upanuzi wako unakataa kipeo cha pili

Mdogo wangu, umeandika kutoka Dodoma kwamba umeitumia matriksi ya mwanahisabati Halmos ya mwaka 1950 kuipanua opereta T (kanuni ya mstari inayogeuza vekta kuwa vekta), isiyorefusha vekta yoyote, iwe yunitari, yaani T ikae kwenye kona ya juu kushoto ya matriksi kubwa yenye kinyume na inayohifadhi urefu wa kila vekta, na unashangaa kwa nini kona ya kipeo cha pili cha matriksi hiyo hailingani na T². Hesabu yako haina kosa. Chukua T iwe 1/2 tu: mstari wa kwanza wa matriksi ni (1/2, √3/2) na wa pili ni (√3/2, −1/2), lakini ukiizidisha kwa yenyewe unapata matriksi ya utambulisho (isiyobadilisha vekta yoyote), kwa hiyo kona ya juu kushoto inasoma 1 ilhali wewe unahitaji 1/4.

Mwanahisabati Sz.-Nagy alivipata vipeo vyote kwa pamoja mwaka 1953, ila katika nafasi yenye vipimo visivyo na mwisho. Vipimo vikiwa na mwisho, vipeo vya yunitari hurudi tena na tena karibu na utambulisho, na kona haiwezi kufifia kama vipeo vya 1/2 vinavyofifia. (Nami niliwahi kukwama hapo hapo, wiki mbili nzima.)

Nakushauri uweke kikomo N cha vipeo, kwani Egerváry alionyesha mwaka 1954 kwamba vipimo (N+1)d vinatosha, d ikiwa vipimo vya nafasi yako ya awali. Kwa mfano huu na N = 2, matriksi ya 3 kwa 3 inakutosha; iandike kwa mkono kabla ya kumwona msimamizi wako.

Kuhusu ramani chanya kikamilifu (zinazobaki chanya hata zikiunganishwa na nafasi nyingine), upanuzi wa Stinespring wa 1955 una mtego uleule: unaieleza ramani yenyewe, si marudio yake.